Malipo ni kwa kilo na bei ni moja: pengo la mshahara kati ya wachumaji chai wanaume na wanawake linatoka wapi?

#1 Mdau wa Kihesa

Kamwene wadau. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu mishahara katika mashamba makubwa ya chai wilayani Mufindi. Nimepewa daftari la malipo la shamba moja ambalo sitalitaja. Majina yameondolewa, yamebaki namba ya mfanyakazi, jinsia, umri, miaka ya shule, kilo za kila siku na malipo ya mwezi. Mchumaji hulipwa kwa kilo ya jani bichi, na bei ya kilo ni moja kwa mwanamume na mwanamke. Nimechukua logi (logarithimu) ya malipo ya mwezi nikaiweka kwenye regresheni (mlinganyo wa takwimu unaokadiria jinsi malipo yanavyobadilika kufuatana na sifa za mtu) pamoja na miaka ya shule, umri na kipeo cha pili cha umri, kwa mtindo wa mchumi Jacob Mincer wa mwaka 1974. Kizidishi cha jinsia (namba inayoonyesha malipo ya wanawake yanatofautianaje na ya wanaume) kimetoka hasi, tena kikubwa kiasi kwamba siwezi kusema ni bahati ya sampuli.

Hoja yangu ni hii, na ninaomba anayeweza aipinge: mahali ambapo bei ya kilo ni moja na mizani ni moja, pengo la namna hii haliwezi kuitwa ubaguzi, kwa sababu ni tofauti ya kazi iliyofanyika. Je, ipo mbinu ya takwimu inayoweza kuonyesha vinginevyo?

#2 Mwalimu wa Nzovwe

Swali zuri, ila tuanze na kigeu (kipimo) unachokieleza. Malipo ya mwezi ni zao la vitu vitatu: siku alizofika kazini, saa alizokaa shambani kwa siku, na kilo alizochuma kwa saa. Ukitumia mwezi peke yake umevichanganya vyote, na mtu aliyeuguza mtoto wiki nzima anaonekana sawa na mtu mvivu. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara yenyewe hutaja kiwango cha saa, cha siku, cha wiki na cha mwezi. Ukigawa kile cha mwezi kwa kile cha saa unapata saa 195, yaani saa 45 kwa wiki kama sheria ya kazi ya 2004 inavyoweka. Kwa hiyo hata serikali haihesabu mwezi bila kuhesabu saa.

Pili, Mincer hakutumia umri. Alitumia uzoefu wa kazi, akiukadiria kwa kuchukua umri, kutoa miaka ya shule, kisha kutoa 6. Kwa kizazi chetu kilichoanza darasa la kwanza na miaka 7 au zaidi, hiyo 6 ni ndogo. Kwa wanawake kadirio hilo lina kasoro kubwa zaidi, kwa sababu linahesabu miaka ya uzazi na malezi kana kwamba ilikuwa miaka ya kazi. Mincer mwenyewe na Solomon Polachek walilishughulikia jambo hilo mwaka huohuo wa 1974.

Tatu, usisome kizidishi cha logi kama asilimia moja kwa moja. Pengo la 0.30 kwenye logi maana yake ni kwamba wanaume wanawazidi wanawake kwa asilimia 35, au wanawake wako chini ya wanaume kwa asilimia 26. Pengo likiwa dogo haidhuru, lakini umesema lako ni kubwa.

#3 Mama Igowole

Habari zenu. Mimi si mtu wa regresheni, ila nimechuma chai miaka mingi kabla sijafungua duka, na neno "mizani ni moja" limenifanya niandike.

Pale nilipokuwa, karani wa mizani alikuwa anakata kilo kwa ajili ya uzito wa mfuko, na siku ya mvua anakata tena kwa ajili ya maji yaliyoshika majani. Makato yale yalikuwa kwa mfuko, si kwa uzito wa majani. Sasa kijana mwenye nguvu analeta mfuko wa kilo 20, mama mwenye ujauzito analeta mfuko wa kilo 10 kwa sababu hawezi kubeba zaidi kupanda ule mteremko, na kila mmoja anakatwa kilo moja. Kwa mama ni sehemu ya kumi ya jasho lake, kwa kijana ni nusu ya hapo. Bei iliyoandikwa ukutani ni moja kweli, lakini bei iliyoingia mkononi si moja.

Halafu kuna vipande vya shamba. Kipande kilichofikia siku zake za kuchumwa kinajaza mfuko upesi, na kilichochumwa juzi unazunguka asubuhi nzima unaokota. Anayepanga nani aingie kipande gani ni nyapara. Na mashine za kuchumia zilipokuja, walipewa wanaume. Sikumbuki mwanamke aliyeulizwa kama anataka kujifunza.

#4 Takwimu Uyole

Asante sana, Mama. Hilo la makato kwa mfuko lingestahili sura yake peke yake katika tasnifu.

Mdau, mbinu unayoitafuta kwa hatua ya kwanza ni ile ya Ronald Oaxaca na Alan Blinder, ambao kila mmoja aliichapisha kwa upande wake mwaka 1973. Unakadiria mlinganyo wa wanaume na mlinganyo wa wanawake mbalimbali, kisha unaligawa pengo la wastani katika sehemu mbili: sehemu itokanayo na tofauti za sifa (shule, uzoefu, siku za mashine) na sehemu itokanayo na namna sifa ileile inavyolipwa tofauti. Ya pili ndiyo huitwa isiyoelezwa.

Nitoe mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme mwanamume wa kawaida hupata mashine siku 15 kwa mwezi na mwanamke siku 5. Siku moja ya mashine humwongezea mwanamume Sh 4,000 na mwanamke Sh 2,000, labda kwa sababu yeye hupewa mashine iliyochoka. Pengo litokanalo na mashine ni 60,000 kutoa 10,000, yaani Sh 50,000. Ukithamini tofauti ya siku 10 kwa malipo ya wanaume, unapata Sh 40,000 "zinazoelezwa" na Sh 10,000 zisizoelezwa. Ukithamini siku hizohizo kwa malipo ya wanawake, zinazoelezwa zinakuwa Sh 20,000 na zisizoelezwa Sh 30,000. Data ni ileile na pengo ni lilelile, ila uchaguzi wako wa kipimo cha kulinganishia umebadilisha simulizi nzima. Toa majibu yote mawili. Atakayetoa moja bila kusema amechagua lipi, msimwamini.

#5 Mnyalu wa Ipogolo

Takwimu Uyole ameeleza vyema, lakini tusivuke mto kabla ya kufika. Sehemu isiyoelezwa si jina lingine la ubaguzi. Ni jumla ya kila kitu ambacho mtafiti hakukipima: wepesi wa mikono, afya, urefu wa mtu kwenye tuta, umbali wa kutembea alfajiri, hamu ya kupata kilo nyingi mwezi wa ada za shule. Mtu akikosa kupima afya, afya inaingia humo, na akikosa kupima ubaguzi, nao unaingia humohumo.

Tena watu hujichagulia kazi. Mchumi A. D. Roy aliandika mwaka 1951 kuhusu watu wanaochagua kati ya kuwinda na kuvua kwa kuangalia ni wapi wao binafsi watapata zaidi. Ukilinganisha wavuvi na wawindaji baada ya kuchagua, hulinganishi watu wa nasibu. Mwanamume aliyebaki kwenye chai ilhali angeweza kwenda kupakia magogo Sao Hill au kupasua mbao Mafinga, huenda amebaki kwa sababu yeye ni mchumaji hodari kupita kawaida. Mwanamke mwenye uwezo wa kawaida amebaki kwa sababu hana pa kwenda. Wastani wa wanaume shambani utakuwa juu bila nyapara yeyote kumdhulumu mtu.

#6 Binti Tukuyu

Ugonile, Mnyalu. Hoja yako ya Roy ninaikubali, ila umeimaliza njiani. Huyo mwanamke "hana pa kwenda" kwa sababu gani? Kama hapokelewi kwenye mbao wala kwenye magogo, basi umelihamisha swali kutoka shamba la chai hadi kwenye kiwanda cha mbao. Hujalijibu. (Na chai nzuri iko Rungwe, hilo nalo liandikwe kwenye tasnifu.)

#7 Mdau wa Kihesa

Shukrani kwa wote. Nimefanya walivyosema Mwalimu na Takwimu Uyole. Nilipogawa kwa siku alizofika kazini, pengo limepungua lakini lipo. Nilipoongeza kigeu cha mashine (ndiyo au hapana), pengo limekaribia sifuri. Nionavyo hoja yangu ya mwanzo imesimama: wenye mashine wanachuma zaidi, na wenye mashine ni wanaume. Regresheni imelieleza pengo.

#8 Takwimu Uyole

Mdau, hapa ndipo ninapokuomba usimame. Umeingiza upande wa kulia wa mlinganyo kitu ambacho chenyewe ni matokeo ya jinsia. Kama mashine hugawiwa kwa kuangalia jinsia, basi kumlinganisha mwanamke mwenye mashine na mwanamume mwenye mashine ni kuuliza: je, baada ya mlango kufungwa, waliobahatika kuwa ndani wanalipwa sawa? Hilo ni swali halali, lakini si swali la nani aliingia ndani. Kizidishi kikiwa sifuri hakijamsafisha mtu. Kimetuonyesha tu mahali ambapo tofauti inazalishwa, napo ni kwenye ugawaji wa mashine.

Kuna jambo la pili. Wale wanawake wachache waliopewa mashine si wanawake wa kawaida. Yamkini ni hodari kuliko wanaume wengi, ndiyo maana hata nyapara asiyependa kuwapa aliwapa. Ukiwaweka kwenye mizani moja na wanaume wa mashine watatoka sawa au zaidi, na wewe utasoma usawa pale ambapo kulikuwa na chujio kali zaidi.

Kwa hiyo andika milinganyo miwili. Wa kwanza bila mashine. Wa pili, ambamo mashine ndiyo inayoelezwa: nani anaipata, ukidhibiti umri, miaka kazini na kilo alizokuwa akichuma kwa mkono kabla mashine hazijaja. Kama shamba lina kumbukumbu za miaka kabla ya mashine, una hazina mkononi.

#9 Karani Mstaafu, Makambako

Nawasalimu. Nilishika madaftari ya malipo mashambani, na baadaye nikawa mdadisi katika tafiti za kaya. Mnajadili waliomo kwenye daftari. Mimi nataka tujadili waliotoka.

Chukueni vibarua watano wa kubuni: wanapata Sh 100,000, 120,000, 140,000, 160,000 na wa tano, fundi wa mashine, 480,000. Wastani ni 200,000, mediani (kipato cha mtu wa katikati) ni 140,000, na fahirisi ya Gini, kipimo cha ukosefu wa usawa ambapo sifuri ni usawa kamili, ni 0.32. Kiangazi kinaingia, majani yanapungua, na wale wawili wa chini wanaambiwa wasubiri mvua. Wamebaki watatu. Wastani sasa ni 260,000, mediani ni 160,000, Gini imeshuka hadi 0.29. Mshahara umepanda na usawa umeongezeka, kwa mujibu wa daftari, ilhali hakuna hata mmoja aliyeongezewa shilingi na wawili wamekosa chakula. Corrado Gini alipounda kipimo chake mwaka 1912 alipima mgawanyo wa wale waliopo kwenye orodha. Aliyefutwa kwenye orodha hana sehemu katika hesabu hiyo.

Kama wanaopunguzwa kiangazi ni wanawake zaidi, basi pengo lako la Julai hadi Oktoba ni dogo kuliko pengo la kweli, na pengo la Februari liko karibu zaidi na ukweli. Kadiria kila mwezi peke yake kabla hujaunganisha mwaka.

#10 Mwalimu wa Nzovwe

Karani amegusa jambo ambalo mchumi James Heckman alilishughulikia mwaka 1979, na ambalo lilichangia kumpatia Nobel ya mwaka 2000. Njia yake ina hatua mbili: kwanza unakadiria uwezekano wa mtu kuonekana kwenye data ya mishahara, kisha unaingiza kipengele cha marekebisho kwenye mlinganyo wa mshahara. Ugumu uko hapa: unahitaji kitu kinachoathiri kuwapo kwake kazini lakini kisichoathiri malipo yake akishakuwapo. Wengi hutumia idadi ya watoto wadogo nyumbani.

#11 Mama Igowole

Mwalimu, kwa chai hicho hakifai. Mwenye mtoto mdogo anachelewa kufika, anatoka mapema kunyonyesha, na akimbeba mgongoni mfuko unakuwa mwepesi. Watoto wanagusa kufika kazini na wanagusa kilo pia.

Na kuhusu kiangazi, Karani amesema kweli nusu. Pale kwetu wengine hawakuambiwa wasubiri, walijiondoa wenyewe kwenda kwenye viazi na mahindi ya nyumbani. Vijana nao walikimbilia mbao. Kwa hiyo wanaoondoka hawafanani: wapo wanaofukuzwa na upungufu wa majani, na wapo wanaoitwa na jembe lao.

#12 Karani Mstaafu, Makambako

Mama amenisahihisha vema. Basi daftari pekee haliwezi kututenganishia hao wawili. Wote ni mstari mtupu.

#13 Binti Tukuyu

Naomba niulize kuhusu kima cha chini. Kilimo ni Sh 100,000 kwa mwezi, sivyo? Je, anayechuma kilo chache huongezewa ili afike hapo? Kama huongezewa, ncha ya chini ya mgawanyo itakuwa imebanwa, na pengo la jinsia litaonekana dogo pale chini. Nakumbuka pia David Card na Alan Krueger walipata Nobel ya 2021 kwa utafiti wa kima cha chini.

#14 Mwalimu wa Nzovwe

Masahihisho mawili, dada. Sh 100,000 ilikuwa ya amri ya 2013. Amri ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kilimo Sh 140,000. Mwaka 2025 ilitangazwa amri mpya ya kuanza tarehe 1 Januari 2026, na takwimu iliyosambaa ni kwamba kima cha sekta binafsi kimepanda kwa asilimia 33.4, kutoka Sh 275,060 hadi Sh 358,322 (ingawa ukizigawa namba hizo zenyewe unapata ongezeko la asilimia 30.3). Tahadhari na namba hizo: sekta binafsi haina kima kimoja, kila sekta ina chake, na mchumaji chai wa kima cha 140,000 hakuwahi kuiona hiyo 275,060.

Kuhusu Nobel, Krueger alifariki mwaka 2019 na tuzo haitolewi kwa marehemu. Mwaka 2021 nusu ilikwenda kwa Card, na nusu nyingine kwa Joshua Angrist na Guido Imbens. Utafiti wenyewe ni wa 1994: jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mwezi Aprili 1992, Pennsylvania jirani haikupandisha, nao wakalinganisha mabadiliko ya ajira katika migahawa ya pande zote mbili za mpaka, bila kuona ajira ikipungua kama nadharia ilivyotabiri. Mbinu hiyo kwetu haikai vizuri, maana amri hapa ni ya Tanzania Bara nzima na Njombe haiwezi kuwa Pennsylvania ya Iringa.

Wazo lako la ncha ya chini ni zuri sana. John DiNardo, Nicole Fortin na Thomas Lemieux mwaka 1996 walichora mgawanyo mzima wa mishahara ya Marekani, si wastani peke yake, na wakaonyesha kuwa kushuka kwa thamani halisi ya kima cha chini kati ya 1979 na 1988 kulieleza sehemu kubwa ya kupanuka kwa tofauti, hasa kwa wanawake. Mdau achore tu malipo ya mwezi kwa vipande vya Sh 5,000. Akiona mlima mkali pale pale kwenye kima, watu huongezewa. Akiona watu wengi wametawanyika chini yake, hawaongezewi.

#15 Mnyalu wa Ipogolo

Au walifanya nusu mwezi. Aliye chini ya kima anaweza kuwa na siku 11 tu kazini. Usichore kabla hujagawa kwa siku.

#16 Mwana Mbozi

Wadau, mmezama kwenye daftari la shamba moja, na Watanzania walio wengi hawamo kwenye daftari lolote. Huku Mbozi mtu ana miche yake ya kahawa, anafanya kibarua cha kupalilia kwa jirani, na mkewe anauza maharage Mlowo. Mshahara wake ni upi? Utafiti wa nguvukazi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ule wa 2014 na ule wa 2020/21, hukusanya kipato cha waajiriwa na cha waliojiajiri, lakini kipato cha mkulima kuulizwa kwa mwezi ni hesabu ngumu: miezi mingi ni sifuri, na mauzo ni mara moja. Logi ya sifuri haipo. Watafiti wengine huongeza moja kabla ya kuchukua logi, na matokeo yanabadilika kulingana na kama umehesabu kwa shilingi au kwa maelfu ya shilingi. Kipimo kinachobadilika kwa kubadili uniti si cha kuaminiwa.

Ndiyo sababu tafiti za bajeti ya kaya hupima ukosefu wa usawa kwa matumizi badala ya kipato. Matumizi hutulia zaidi mwaka mzima. Lakini hayo ni ya kaya, na ukigawanya kwa idadi ya watu umedhani kwamba mume na mke wanakula sawa. Swali la Mdau, la mke na mume, linapotea hapo hapo.

#17 Takwimu Uyole

Mwana Mbozi ana haki. Ndiyo maana daftari lina thamani yake, kwa kuwa linahesabu mtu na si kaya, na linahesabu kila siku.

Niongeze mambo mawili ya ufundi kwa Mdau. La kwanza, wastani unaficha. Roger Koenker na Gilbert Bassett mwaka 1978 walitupa regresheni ya kwantaili, ambayo hukuwezesha kuuliza pengo ni kiasi gani kati ya wenye kipato cha chini, cha kati na cha juu, kila mahali peke yake. Maelezo ya Mama kuhusu makato ya mfuko yanatabiri pengo kubwa zaidi chini, kwenye mifuko myepesi. Maelezo ya mashine yanatabiri pengo kubwa zaidi juu. Hapo angalau maelezo mawili yanaachana njia na data inaweza kusema.

La pili, kosa sanifu, yaani kipimo cha mashaka yaliyomo kwenye kadirio. Wachumaji wa gengi moja wana nyapara mmoja, mvua moja na kipande kimoja kwa siku. Safu 3,000 za data ya magengi 20 si ushahidi wa watu 3,000 wasiohusiana. Kokotoa makosa sanifu kwa kulihesabu kila gengi kama kundi moja, vinginevyo utajivunia uhakika ambao huna.

#18 Mdau wa Kihesa

Nimefanya regresheni ya kwantaili. Pengo lipo chini na lipo juu, katikati ni dogo. Sasa sijui nimwambie nini msimamizi wangu.

#19 Mnyalu wa Ipogolo

Mwambie kwamba maelezo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Na kwamba maelezo yangu bado hayajaguswa, kwa kuwa uteuzi wa Roy (watu kujichagulia kazi) nao unaweza kuchora umbo hilohilo.

Niulize jambo lingine: miaka ya shule imetoka vipi? Kwa mchumaji sioni darasa la saba linaongeza kilo gani.

#20 Mdau wa Kihesa

Karibu na sifuri kwa wachumaji. Nikijumlisha makarani na wasimamizi inapanda sana.

#21 Mwalimu wa Nzovwe

Ni jibu lenye maana. Shule haiongezi wepesi wa mikono, ila huamua nani anashika kalamu kwenye mizani. Kwa hiyo ukichuja data yako ukabakiza wachumaji tu, umewaondoa wale ambao shule iliwafaa. Na bado hujui kama ni shule iliyowafaa, au ni familia iliyowapeleka shule ndiyo iliyowapatia pia kazi ya kalamu. Ili kupima kama shule yenyewe huongeza mshahara, mchumi Esther Duflo mwaka 2001 alitumia ujenzi wa shule za msingi zaidi ya 61,000 nchini Indonesia katika miaka ya 1970, akilinganisha wilaya zilizojengewa nyingi na chache, waliokuwa na umri wa kufaidika na waliokwisha kupita. Sisi tulikuwa na elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977. Ningependa mtu aijaribu kwa nyanda zetu za juu, maana wilaya zilizokuwa na shule za misheni tangu zamani hazikuongezewa sawa na zile zisizokuwa nazo.

#22 Binti Tukuyu

Hapo itabidi utenganishe vijiji vya ujamaa pia, kwa kuwa kuhamia vijijini kulikuwa miaka hiyohiyo. Shule na kijiji vilikuja pamoja.

#23 Karani Mstaafu, Makambako

Turudi shambani. Mdau, ulizia kitabu cha nyapara. Kila asubuhi huandikwa gengi gani limeingia kipande gani. Ukiunganisha kitabu hicho na kilo, unaweza kulinganisha mwanamume na mwanamke waliokuwa kipande kimoja siku moja, na rutuba, mvua na siku za mzunguko zote zimejifuta.

#24 Takwimu Uyole

Ni wazo imara, ila lina hatari ileile ya mashine. Kulinganisha ndani ya kipande kunafuta pia upendeleo wa kugawa vipande. Aanze kwa kuangalia kama wanawake walipangiwa vipande vilivyochumwa karibuni mara nyingi kuliko wanaume. Kisha ndipo aingie ndani ya kipande.

#25 Mama Igowole

Kabla hamjaingia ndani ya kipande, mjue kilo ni za nani. Pale nilipokuwa, mume na mke wengi walikuwa wanachuma tuta moja, na majani yakaenda kupimwa kwa namba ya mume. Mke akiwa hana namba, yeye hayupo kwenye daftari kabisa. Akiwa nayo, jioni baadhi ya kilo zake zinamalizia mfuko wa mume ili afikie bonasi. Mwanamume anayeonekana anachuma kama watu wawili, mara nyingine walikuwa watu wawili kweli. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo.

#26 Mdau wa Kihesa

Mama, hilo likiwa kweli hata kwa sehemu, kigeu changu cha kilo kimechafuka upande mmoja wa jinsia, na hakuna mbinu kati ya zote zilizotajwa inayolisafisha. Je, kuna namna ya kuliona ndani ya daftari?

#27 Karani Mstaafu, Makambako

Tafuta likizo za uzazi, kama shamba liliziandika. Mke akiwa likizo na kilo za mume zikashuka wiki hizohizo, umepata alama. Utahitaji kujua nani ameoana na nani, na majina umenyimwa, lakini namba za nyumba za kambi zinaweza kusaidia.

#28 Mnyalu wa Ipogolo

Zinaweza pia kushuka kwa sababu yeye ndiye anayepika na kuteka maji mke akiwa amejifungua. Na uangalie Desemba, Mdau. Shule zimefungwa, majani ni mengi, na watoto wakubwa humfuata mama shambani zaidi kuliko baba. Kama kilo za wanawake wenye watoto wa umri huo zinapanda ghafla Desemba kisha zinashuka shule zikifunguliwa Januari, basi daftari limechafuka pande zote mbili, na hatujui upande upi umezidi.